X Nyeupe ya Laini Saba

Neno lililoanza kunitia mashaka nililiteua mimi mwenyewe. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiswahili, nikiishi Kabiro, Kawangware, katika chumba kimoja cha ploti ya mabati yenye wapangaji wengi chini ya paa moja, na nikijikimu kwa kuhariri na kutafsiri. Mradi mmoja wa ramani, ambao ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi huko huko Kawangware, ulinipa kazi ya kuyaandika maelezo yake katika Kiswahili ambacho, kwa kauli ya mratibu wake, kingeeleweka kwa kila mtu. Mradi ulikusudia kuchora ramani ya sehemu za Kibera kwa kutumia picha zinazopigwa na setilaiti. Sayansi yenyewe ni ya kupata habari za kitu pasipo kukigusa, kwa kuipokea nuru inayorudi kutoka kwacho, na kwa Kiingereza ina jina lililokwisha kuzoeleka. Kwa Kiswahili sikuona jina lililotulia.

Niliandika "kutambua kwa mbali," nikafuta, kwa sababu kutambua ni kufika mwisho wa kujua, na picha haijafika popote. Niliandika "kupima kwa mbali," nikafuta pia, kwa sababu vipimo vilikuwa sehemu ndogo ya shughuli. Mwishowe niliandika "kuhisi kwa mbali," nikaridhika. Kuhisi ni kazi ya jicho, sikio na ngozi, na chombo kile kilikuwa aina ya jicho.

Maelezo hayo niliyasoma mbele ya watu katika uwanja mdogo wa kanisa huko Laini Saba, Kibera. Dada yangu mkubwa, anayeishi hapo karibu na reli, alikaa benchi la mbele, mikono mapajani, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa kwanza aliposimama jirani yake, mwuza makaa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia wateja.

"Mwalimu, ngoja hapo kidogo. Kuhisi? Wanatuhisi?"

"Kuhisi maana yake ni kupata habari ya kitu kwa..."

"Zii, ngoja. Mimi nikisema nahisi jirani, si ni kusema amebeba kuku wangu?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Na wewe kuku unayo?"

"Si ndio nakuambia! Ilibebwa!" Alisubiri kicheko kipungue, kisha akaacha mzaha. "Sasa hawa watu wako huko juu, sisi tuko hapa chini, na wanatuhisi. Tumefanya nini?"

Mratibu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu, aliniinamia akauliza watu wamecheka nini. Nikamwambia ni mzaha kuhusu kuku. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ingawa halikuwa kamili, na nikaona kwamba nimeanza kumpa majibu ya aina ile ile ambayo baadaye yeye angenipa mimi.

Usiku huo nilifungua kamusi, ingawa sikuihitaji. Maana zote mbili zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, kuhisi kwa ngozi na kuhisi kwa kushuku. Nilikuwa nimezifundisha zote mbili darasani. Niliazimia kulibadilisha neno katika toleo la pili, kisha nikasita, kwa sababu sikuwa na hakika tena kwamba lilikuwa limekosea.

Mashaka ya watu wa Laini Saba hayakuhitaji neno langu ili yapate kuwepo. Kila mpangaji wa pale anajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba Soweto East, mwendo mfupi kwa miguu, yapo maghorofa ya mpango wa kuboresha makazi, na wapo watu wanaopanda ngazi zake jioni wakiwa wamebeba funguo. La pili ni kwamba anayeishi karibu na reli anaweza kuambiwa siku yoyote kwamba alipojenga si pa kujenga. Ramani huweza kuwa mwanzo wa jambo lolote kati ya hayo mawili, na anayechorwa haambiwi ni lipi. Dada yangu hakuogopa kuhamishwa pamoja na watu. Aliogopa kuhamishwa peke yake.

Yeye ni fundi wa sare za shule. Cherehani yake huiweka mlangoni ili ipate mwanga, na mbele ya mlango huo pana sakafu ya saruji iliyoachwa na hoteli ya chai iliyofungwa na kubomoka. Kwa Laini Saba uwazi wa ukubwa huo ni anasa. Watoto huruka kamba pale, na siku za jua dada huitumia kuvitandaza vitambaa na kuvikata.

Uwazi huo ndio uliowavutia watu wa mradi. Picha ya kutoka angani, nilivyoelezwa, huwa imepotoka kidogo, nayo hunyooshwa kwa kutumia alama zilizochorwa ardhini, ambazo baadaye mahali pake hupimwa kwa chombo cha kuaminika. Vibarua wawili waliochukuliwa kwa siku moja walitumwa na mkebe wa rangi ya mafuta kuzichora alama hizo penye nafasi. Dada alikuwa amekwenda kununua uzi. Aliporudi aliikuta X nyeupe, ndefu kama mtu aliyelala, imechorwa kutoka kona hadi kona ya ile saruji. Vibarua walikuwa wameondoka, wakiwa wamemwachia mwuza makaa agizo moja: alama isifutwe hadi mradi ukamilike, na atakayeifuta atatakiwa ajieleze.

Katika mji huu X iliyochorwa kwenye jengo haina maana mbili. Huchorwa kwa rangi nyekundu, ukutani, na mwenye kuiona huanza kutafuta mkokoteni wa kuhamishia vitu. Kwamba hii ilikuwa nyeupe na ilikuwa chini hakukumpa mtu faraja. Watu walilifasiri jambo hilo kwa mantiki yao: ya ukutani huchorwa ili isomwe na tingatinga, na ya chini imechorwa ili isomwe na aliye juu.

Dada alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Hawa watu wako wamenichora."

"Si watu wangu, dada."

"Ni wewe ulisimama hapo ukatusomea. Sasa kuja uone."

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu, na huo ndio msimu wake. Sare zinazoshonwa katika majuma hayo ndizo zinazomweka sehemu kubwa ya mwaka. Nilipofika nilimkuta amezungumza na mteja hadi mwisho wa subira. Mteja huyo, mama wa watoto wawili wa shule, alikuwa amesimama nje ya ukingo wa X, akichunga asiikanyage.

"Mama sare, si kwa ubaya. Nipe tu kitambaa changu."

"Nimeshakata shati moja. Ijumaa unachukua zote."

"Na wakibomoa Alhamisi?"

"Nani amekuambia wanabomoa?"

Mama yule aliitazama tu ile alama, na dada akaingia ndani akatoka na kitambaa, pamoja na lile shati lililokatwa lisilo na mikono. Alivikunja vizuri mno, kama mtu anayevifunga kwa zawadi, akampa. Mama yule aliondoka kwa kuizunguka sakafu nzima.

"Huyo ni wa nne," dada akasema. "Ongea nao waifute."

Nilikwenda ofisini siku iliyofuata. Nilikuwa nimeamua nisiseme ni mlango wa nani. Sababu ya uamuzi huo sikuweza kujieleza mwenyewe vizuri, ila niliona kwamba dada asiyetajwa ana nafuu kuliko dada aliyetajwa. Niliuliza tu, kama mfasiri anayetaka kuandika sawasawa, X zile ni za kazi gani na ramani ni ya nani.

Mratibu alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa ikinizidishia wasiwasi. Alinikaribisha chai. Akasema ramani ni ya mifereji, kwa kuwa maji ya mvua huingia nyumbani mwa watu. Nilipouliza ikiwa mifereji itapita kando ya reli, akasema ramani ni ya kuzuia moto pia. Nilipouliza habari ya moto, akasema kwa jumla ni ya mipango. Hakuonekana kudanganya. Alionekana kama mtu anayerudi nyuma hatua kwa hatua huku akitabasamu, na ambaye nyuma yake hapana ukuta.

Kisha akanionyesha kwenye kompyuta picha ya majaribio iliyopigwa juu ya Kawangware, akidhani nitafurahi. Nilitafuta Kabiro, nikapata barabara, nikapata kanisa la bati la samawati, na kwa kuhesabu njia za miguu nikafika juu ya ploti yangu. Ilikuwa mstatili mmoja wa kijivu. Chini ya mstatili ule walikuwa wakiishi fundi viatu na wakeze wawili wasiopatana, wauza mboga kutoka Kitui, dereva wa pikipiki, mlinzi alalaye mchana, mimi na vitabu vyangu. Mashine ilikuwa imeuzungushia mstari mwekundu na kuuandikia: nyumba moja.

"Vyumba havionekani?" nikauliza.

"Mashine inahesabu mapaa," akasema. "Baadaye itarekebishika."

Nililisikia neno hilo la mwisho, ambalo alilitamka kwa Kiswahili ili kunifurahisha, na papo hapo nikalitambua lilikotoka. Lilikuwa limetoka kwenye tafsiri yangu mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikaitoa ile karatasi niliyokuwa nimeisoma uwanjani, nikaipitia kwa kalamu. Picha zitatumika ipasavyo. Taarifa zitahifadhika. Makosa yatarekebishika. Maamuzi yatafikika.

Kiswahili kina njia kadhaa za kulisema tendo. Mtu ataitumia picha: hapo mtendaji yuko mbele, anaonekana. Picha itatumiwa na mtu: hapo mtendaji yuko nyuma, lakini ile "na" inamvuta mkono ajitokeze. Picha itatumika: hapo hayupo kabisa. Tendo linatokea lenyewe, kama mvua. Kauli ya kutendeka ni pambo zuri la lugha yetu, nami nimeisifu mbele ya madarasa mengi kwa upole wake, kwa kuwa humwezesha mtu kusema kikombe kimevunjika bila kumwaibisha mgeni aliyekivunja. Maandishi ya Kiingereza niliyopewa yalikuwa yamemficha mtendaji, nami kwa ustadi nilikuwa nimemtafutia maficho mazuri zaidi.

Nilimwandikia mratibu ujumbe mfupi nikimwomba anijazie pengo katika sentensi moja tu: "Picha hizi zitatumiwa na ..." Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa Kiswahili cha kuazima: "Na wadau husika." Niliuliza wadau husika ni nani. Jibu halikuja.

Nilipokwenda tena Laini Saba kumweleza dada kwamba sikufanikiwa, nilihisi harufu ya chokaa kabla sijafika. Mwuza makaa alikuwa amejikunja juu ya ndoo, suruali imekunjwa hadi magotini, anachora X mbele ya mlango wake. Alikuwa na ufagio mpya wa kuchorea na alionekana kuwa na raha kubwa.

"Niaje, mwalimu! Karibu kwa X."

"Mnafanya nini?"

"Tulikatazwa kufuta. Si ndio? Hakuna mtu alikatazwa kuchora."

Nilitazama. Kwenye kila kizingiti, toka kwa dada hadi kwenye kona ya kioski cha maji, palikuwa na X nyeupe. Nyingine zilikuwa nyembamba na zilizopinda. Moja ilikuwa kubwa kuliko mlango wenyewe. Watu wasio na nafasi mbele ya nyumba zao walikuwa wamepanda juu ya mabati na kuzichora huko, kati ya mawe yanayozuia mabati yasing'olewe na upepo. Mwanamke yule aliyemuuliza mwuza makaa habari ya kuku alikuwa juu ya paa lake, akiuliza walio chini kama yake imekaa katikati.

"Songa kidogo kushoto, mathee!"

"Kushoto kwako ama kwangu?"

"Kwa setilaiti!"

Dada alikuwa kwenye cherehani, akishona. Mguu wake haukusimama kwa ajili yangu.

"Ni wewe uliyewaambia?" nikamuuliza.

"Mimi nilisema tu, kama ni kuchorwa, si tuchorwe wote. Huyu ndiye alitoa chokaa." Akakata uzi kwa meno. "Yule wa kitambaa amerudisha. Alienda kwa fundi wa kule chini, akapata huyo pia ana X."

Nilijaribu kuwaza kama msomi. Niliwaza kwamba kitendo kile kingeharibu kazi ambayo, huenda, ilikuwa njema. Huenda mifereji ilikuwa ya kweli. Maji huingia kwa dada kila mvua inyeshapo, nami nimewahi kuibeba cherehani ile kichwani katikati ya tope. Lakini kila nilipojaribu kuiunga mkono ramani nilijikuta nimesimama mbele ya lile pengo baada ya neno "na," na sikuwa na wa kumweka hapo.

Baada ya siku chache mratibu aliniita. Safari hii hapakuwa na chai. Picha mpya ilikuwa imefika, imepigwa siku isiyo na wingu, na Laini Saba ilionekana kwa wazi mno: reli kama uzi mweusi, mapaa ya kutu, mapaa mapya yanayong'aa, na juu ya yote, msururu wa X ndogo nyeupe, kama mishono ya msalaba kwenye kitambaa kikuukuu. Pembeni alisimama mpimaji wa mradi, msichana mwenye buti za mpira na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa ameajiriwa baada ya vibarua wale kuondoka, na ndiye aliyepaswa sasa kuzipima alama kwa chombo kilichokuwa kimechelewa kufika.

"Tulichora moja tu sehemu hii," mratibu akasema. "Hapa kuna zaidi ya ninavyoweza kuhesabu."

Vibarua hawakupatikana tena kwa simu. Kilichobaki ni picha moja waliyoipiga kwa simu ya mkononi siku ile, iliyoonyesha saruji, rangi, na ncha za viatu vya mmoja wao. Simu ilikuwa imehifadhi na mahali pake, lakini kwa kukadiria tu, na ndani ya kadirio hilo palikuwa na X tele.

"Mwalimu, wewe unapajua pale," mratibu akasema kwa sauti ya upole. "Ya kwetu ni ipi?"

Niliinama karibu na kioo. Niliona paa la dada, lenye kipande cha bati la kijani alichokitia baada ya upepo wa mwaka mmoja. Niliona saruji mbele yake. Niliona hata doa jeusi ambalo lazima lilikuwa meza ya cherehani. Nilifahamu ya kuwa nikiweka kidole hapo, kitu kitawekwa pia katika kompyuta ile, namba au jina, na kwamba kutoka hapo dada yangu atakuwa tofauti na wenzake kwa namna ambayo sitaweza kuifuta kwa chokaa wala kwa rangi.

"Nikionyesha," nikasema, "itatumiwa na nani?"

"Nilikujibu. Wadau husika."

"Wadau husika ni neno linalofunga mlango. Nataka jina la ofisi moja. Hata ikiwa ni ofisi ninayoiogopa, nitashukuru."

Mratibu alimtazama mpimaji, mpimaji akatazama buti zake. Nilisubiri. Nilimpa nafasi ya kutosha, na nasema hivi kwa kuwa baadaye niliambiwa kwamba nilikuwa mkali. Hakutaja ofisi yoyote. Sijui mpaka leo ikiwa alikuwa akificha jibu au hakuwa nalo, na kati ya hayo mawili la pili ndilo linalonitisha zaidi.

"Kwa kutazama kutoka huku juu," nikamwambia hatimaye, "zote ni sawa."

Hilo lilikuwa kweli, na safari hii nilijua vema kwa nini halikuwa kamili. Alinishukuru kwa huduma zangu. Sikupewa toleo la pili la kutafsiri.

Mpimaji angekwenda Jumatatu kuzikagua alama moja baada ya nyingine. Hilo alinieleza mwenyewe kwenye ngazi, akinifuata hadi chini, bila kueleza kwa nini ananieleza. Niliishuku hisani yake. Nilimshukuru, nikaenda zangu.

Jumapili usiku ilinyesha mvua. Haikuwa wakati wake. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati letu la Kabiro, kisha ikashuka yote, hadi mlinzi wa chumba cha pili, aliyekuwa likizo na aliyelala usiku kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaamka akilaani. Nilifurahi kidogo kwa ajili ya mradi, kwamba huenda sasa wangeona maji yanapopita. Kisha nikakumbuka chokaa.

Alfajiri nilikuwa Laini Saba. Mvua ilikuwa imekatika, na wachuuzi walikuwa wameanza kutandika mitumba kando ya reli juu ya karatasi za nailoni. Nilipita mlango baada ya mlango. Palipokuwa na X palikuwa na weupe hafifu wa maziwa yaliyomwagika, ukiteremka kuelekea mtaroni, na juu ya mabati hapakuwa na kitu. Mwuza makaa alikuwa akiutazama mlango wake kwa huzuni ya mtu aliyeibiwa.

"Chokaa ya duka, mwalimu. Walituuzia maji."

Mbele ya mlango wa dada, X ya rangi ya mafuta ilikuwa imeoshwa ikatakata. Ilikuwa nyeupe kuliko siku ile ya kwanza. Ilikuwa peke yake.

Dada alikuwa amekwisha kuiona. Alikuwa kwenye kizingiti, khanga imefungwa kiunoni, akiwa na karai, mwiko na mfuko wa saruji uliofunguliwa, na maji ya mvua yaliyotuama ndani ya nyumba yalikuwa yamefika kwenye miguu ya cherehani. Mwuza makaa alileta koleo na mchanga kutoka ujenzi wa jirani, na hao wawili wakaanza kuchanganya.

"Walisema isifutwe," nikasema, kwa sababu mtu aliyefundisha kwa miaka mingi hulazimika kusema jambo kama hilo.

"Nani anafuta?" dada akauliza. "Naweka step. Maji yanaingia."

Nami nikavua koti. Sikuwa na ufundi wowote, nilibeba maji. Waliinua kizingiti kwa upana wa ile saruji yote, safu moja nene ya plasta, dada akiisawazisha kwa ubao wake wa kupigia pasi. X ilitoweka kuanzia ncha hadi katikati, mkono mmoja, kisha mwingine. Nilikuwa nikitazama njia huku nikitazama kazi, na kwa mara ya kwanza nilifahamu ni vipi mtu asiye na hatia huonekana kama mwenye nayo.

Mpimaji alifika tukiwa tunanawa mikono. Buti zake zilikuwa na matope hadi juu, na chombo chake cha miguu mitatu kilikuwa begani. Alikuwa amepitia milango yote. Alisimama ukingoni mwa plasta mbichi, akakitua chombo, akaitoa simu, akailinganisha picha ile ya viatu na mahali alipo, akageuza simu upande huu na upande huu.

"Habari ya asubuhi, mama. Hapa hakukuwa na alama yetu?"

"Hapa kulikuwa na maji," dada akasema. "Yalikuwa yanaingia kwa nyumba. Si ninyi ndio watu wa mitaro? Angalia." Akamwonyesha miguu ya cherehani.

Mpimaji akaangalia. Kisha akaniona mimi, mikono ya shati imekunjwa, vidole vina saruji, na kitu fulani usoni mwake kikabadilika. Sikuweza kukisoma. Nilikuwa nimemshuku kwenye ngazi na nilimshuku tena pale.

"Mwalimu," akasema, "nani amefunika hapa?"

Dada alinitazama. Mwuza makaa alijifanya anakung'uta gunia. Nilikuwa na majibu matatu ya kisarufi, nami nilimpa la tatu.

"Imefunikika."

"Imefunikika," akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu ili ajue chumvi. "Hiyo ni Kiswahili ya wapi?"

"Ya ofisini kwenu."

Hakucheka, ila alikirudisha kile chombo begani, akauliza uwanja wa kanisa uko upande gani, kwani huko pangefaa kuchora alama nyingine, na mwuza makaa akamwelekeza kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Aliondoka kwa kuruka madimbwi. Hakuandika lolote nilipokuwa nikimtazama. Aliandika nini alipopinda kona sijui.

Dada aliivuta cherehani mbele, mpaka ukingoni mwa plasta mbichi, palipokuwa pakavu, akaweka kiti. Mama yule wa watoto wawili alikuwa akija kuchukua sare, na shule zilikuwa zikifunguliwa kesho yake. Alipofika alisimama akaitazama ile sakafu mpya, akatafuta kwa macho kitu alichokuwa amezoea kukizunguka, hakukiona, akainua mguu ili apite katikati.

"Usikanyage," dada akamwambia. "Bado haijakauka. Pitia huku."